Namna ya kuchagua mada za usomaji za mwaka mzima kwa kundi lenu

Ikikaribia Desemba, makundi ya wasomaji huanza kuulizana: mwakani tunasoma nini? Jibu lililozoeleka ni orodha ya vitabu kumi na viwili, kimoja kila mwezi, na wote wasome hichohicho. Orodha hiyo hupendeza sana Desemba. Ikifika Machi, aliyeko Tabora bado hajakipata kitabu cha Februari, aliyeko Muscat anasubiri mgeni amletee, na wa Nairobi ameambiwa dukani kwamba kimekwisha na haijulikani kitachapwa lini tena. Wanaobaki ni wale wachache wanaokaa karibu na maduka, wengine wamegeuka watazamaji.

Ndiyo maana napendelea mada kuliko orodha ya vitabu. Badala ya kuwaambia watu ishirini watafute kitabu kimoja, unawaambia: mwezi huu kila mtu asome kitabu ambacho habari zake zinatokea kisiwani. Mmoja atakopa maktaba, mwingine ataazima kwa shemeji yake, wa tatu atakikuta kwenye vitabu vya mitumba vilivyotandazwa chini. Siku ya mazungumzo kila mtu anakuja na chake, na wenzake wanaondoka na majina ya vitabu ambavyo hawakuvijua. Kwa Kiswahili, ambako riwaya nzuri inaweza kukaa miaka mingi bila kuchapwa upya, mpango huu ndio unaoliweka kundi pamoja.

Ila mada nayo inaweza kuwa kitabu kisichopatikana kwa jina jingine. Watu huchukua orodha za mtandaoni zilizotungwa kwa ajili ya wasomaji wa Marekani au Uingereza, wanazitafsiri neno kwa neno, kisha wanashangaa kundi limenyamaza. Kwa hiyo kazi kubwa katika mwongozo huu ni kuipima mada kwenye rafu kabla hujaitangaza. Hayo mengine yote ni mepesi.

Kwanza, wajue wasomaji wako

Tuma maswali manne tu kwenye kundi, na uwaombe wakujibu faraghani, kwa sababu mengine yanagusa mfuko. Unaishi wapi, na vitabu unavipata wapi? Unaweza kutumia kiasi gani kwa vitabu kwa miezi mitatu? Unasoma lugha zipi bila taabu? Kitabu cha mwisho ulichokimaliza ni kipi, na ulikimaliza lini?

Swali la mwisho ndilo lenye siri. Mtu atakuambia anapenda falsafa na historia, kumbe kitabu cha mwisho alichokimaliza ni riwaya ya mapenzi aliyoisoma kwenye basi miaka miwili iliyopita. Hakuna ubaya wowote. Panga mwaka kwa ajili ya huyo wa kwenye basi. Yule wa falsafa atajitafutia mwenyewe.

Utakuta pia wengi waliacha kusoma Kiswahili siku walipotoka shuleni. Waliokuwa Tanzania watakutajia vitabu vya kidato cha tatu na cha nne: Watoto wa Mama N'tilie, Takadini, Joka la Mdimu. Wakenya watakutajia Kidagaa Kimemwozea au Siku Njema, kutegemea umri. Wakivitaja sauti hubadilika, kama wanaokumbuka kiboko. Andika hilo pembeni, nitalirudia.

Amua ukubwa wa mwaka

Kuna wanaopenda mada hamsini na mbili, moja kila wiki. Hao waache. Kwa watu wenye kazi, watoto na foleni za barabarani, mada kumi zinatosha, na miezi miwili iachwe wazi. Mwezi mmoja wa wazi uwe katikati ya mwaka ili waliochelewa wafike. Wa pili ni Desemba, watu wanaposafiri kwao na hakuna anayefungua kitabu kati ya pilau na misa.

Jambo jingine la kuamua ni kama mada zitafuatana kwa miezi au zitatolewa zote kwa mpigo, kila mtu akate anapotaka kama kadi ya bingo. Bingo ina uhuru, lakini inaua mazungumzo: mmoja yuko kwenye ushairi, mwingine kwenye upelelezi, na hakuna wa kuulizana naye. Mimi nachagua miezi. Mtu akitaka kuruka mbele, aruke, ila mazungumzo yabaki ya mwezi husika.

Kuhitimu nako kupangwe mapema. Atakayetimiza mada saba kati ya kumi amehitimu. Ukidai zote kumi, anayekosa ya pili anajiona keshashindwa na anaondoka.

Kusanya mada nyingi kuliko unazohitaji

Tafuta mada ishirini na tano hivi, kisha uchuje. Usizitafute kwa kukaa peke yako na kalamu, maana utaandika unayoyapenda wewe. Pita kwenye maeneo haya.

Mahali: kisiwa, bandari, kijiji, jiji usiku, ughaibuni, gerezani. Mada za mahali ndizo zinazoeleweka upesi kuliko zote, na fasihi yetu imejaa mahali.

Aina ya maandishi: tamthilia, utenzi, hadithi fupi, wasifu, riwaya ya upelelezi, kitabu cha watoto. Hapa chunga. Mwaka wenye mada kumi za aina huwa unanuka darasa.

Mwandishi: mwanamke, kijana aliyetoa kitabu chake cha kwanza, mtu wa nchi nyingine, mtu wa wilaya yako. Hiyo ya wilaya inafurahisha kuliko inavyosikika. Chukua Ukerewe, kisiwa kimoja ndani ya Ziwa Nyanza. Euphrase Kezilahabi alizaliwa huko mwaka 1944, na Rosa Mistika, riwaya yake ya 1971, inaanzia hukohuko. Gabriel Ruhumbika naye ni wa huko. Na Aniceti Kitereza aliishi huko, akaandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaimaliza mwaka 1945, na kitabu kikaja kuchapwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Waandishi watatu wakubwa kutoka kisiwa kimoja, na bado kuna watu wa Mwanza wanaokuambia kwao hakuna fasihi.

Namna kitabu kilivyokufikia: kilichokuwa cha mzazi, ulichoazimwa hujakirudisha, ulichokiacha katikati, ulichochaguliwa na mtu asiyekujua. Mada hizi hazina gharama na huleta visa vingi kuliko nyingine zote. Mtu akieleza kitabu cha marehemu baba yake chenye jina lililoandikwa kwa wino wa buluu ukurasa wa kwanza, hata wasiosoma mwezi huo watasikiliza.

Halafu kuna mada za mzaha: kitabu chenye jalada jekundu, kitabu ambacho jina lake ni neno moja. Weka moja tu kwa mwaka. Ya neno moja inatufaa sana: Kuli, Haini, Kiu, Utengano, Kusadikika, Nagona, Kichwamaji. Waandishi wetu walipenda majina mafupi, na mtu atajikuta amesoma kitabu kizito akidhani anacheza.

Ipime kila mada kwa vitabu vitatu

Hapa ndipo pa kukaa. Kabla mada haijaingia kwenye orodha, wewe msimamizi uweze kutaja vitabu vitatu vinavyoitimiza, na vitatu hivyo visifanane: kimoja kinachopatikana kwa bei ndogo au bure, kimoja chembamba, na kimoja cha anayetaka kazi. Ukishindwa kuvitaja, mada hiyo bado. Usijifariji kwamba watu watatafuta. Hawatatafuta.

Tuipime ya kisiwa. Kinachopatikana: Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999 na kupata wasomaji wapya baada ya filamu ya Amil Shivji ya 2021. Unguja ya wakati wa ukoloni, msichana Yasmin aliyeozwa mtu mzima na kuikimbia ndoa hiyo. Rosa Mistika inaweza kuwa ndicho chembamba. Cha anayetaka kazi ni hicho cha Kitereza: juzuu mbili nene za maisha ya Ukerewe ya zamani, mume anayelazimika kupika pombe ya ndizi awapelekee wakwe ili arudishiwe mke aliyechukuliwa na wazazi wake kwa kukosa mtoto. Anayependa tafsiri ataongeza Robinson Kruso. Mada imepita, tena kwa kishindo.

Sasa chukua mada inayokuja katika kila orodha ya Kiingereza: riwaya ya sayansi ya kubuni iliyotoka mwaka huu. Ukiitupa kwenye kundi, mazungumzo yatakwenda hivi:

"Jamani habari za asubuhi. Mimi niko Sumbawanga, hii ya sayansi nitaipata wapi?"

"Dada, kuna Walenisi ya Katama Mkangi."

"Si ya 1995 hiyo? Tumeambiwa ya mwaka huu."

"Mwalimu, shikamoo. Ya zamani inaruhusiwa?"

"Marahaba. Kabla ya hapo, nani anayo tuazimane?"

Baada ya hapo hakuna anayejibu, na kesho yake mtu anatuma picha ya maua yenye maneno ya Jumatatu njema.

Mada haikuwa mbaya, ilikuwa imekatwa kwa mkasi wa nguo nyingine. Ondoa "mwaka huu", ondoa "sayansi", ubakize kile kinachowavutia watu kwenye vitabu vya namna hiyo, yaani dunia isiyokuwepo. Iandike hivi: kitabu ambamo mambo yasiyowezekana yanatokea. Tazama rafu inavyojaa. Kusadikika ya Shaaban Robert, nchi iliyoko angani, ambako Karama anashtakiwa na kujitetea kwa simulizi za wajumbe waliorudi na kuteswa. Kijitabu chembamba, na nakala zake zimezagaa tangu kilipotoka mwaka 1951. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ambako marehemu anarudi kumsumbua mjukuu wake mwenye cheo. Nagona ya Kezilahabi, kwa anayetaka kuumwa kichwa kwa heshima. Alfu Lela U Lela kwa anayetaka kusoma na watoto. Na Walenisi bado imo, kwa yeyote atakayebahatika kuwa nayo.

Unapotafuta hivyo vitatu, tembea. Simu haitakuambia ukweli. Nenda maktaba ya mkoa uangalie rafu ya fasihi, maana orodha yao na kilichopo ni vitu viwili tofauti. Pita kwa wauza vitabu vya mitumba na umuulize muuzaji, siyo meza yake. Vingine viko kwenye maboksi nyuma. Wapigie maduka ya mji mwingine kabla hujamwambia mtu wa huko kwamba kitabu kipo. Mtu wa Bukoba akishindwa mara mbili kupata ulichomwahidi, ya tatu hatatafuta.

Kuhusu PDF zinazozunguka kwenye simu: tenzi za kale hazina mwenye kudai. Riwaya ya mwandishi aliye hai, au aliyeacha watoto wanaotegemea mrabaha, ina mwenyewe. Kundi la watu arobaini linalogawana PDF moja limemnyima mwandishi wateja arobaini, kisha mwakani linalalamika hakuna vitabu vipya vya Kiswahili. Weka kanuni mapema na uisimamie bila aibu. Kuazimana nakala halisi kwa mkono, hata kwa basi la mikoani, ni halali na kuna raha yake.

Panga maneno ya mada

Mada pana mno haimtoi mtu alipo. Ukisema "kitabu cha Kiafrika", kila mtu atasoma alichokuwa anakisoma tayari. Mada nyembamba mno inageuka kuwa jina la kitabu: "riwaya ya kijamaa ya Zanzibar kuhusu wafanyakazi wa bandarini" ni Kuli, basi sema Kuli. Inayofaa humfanya mtu asimame mbele ya rafu, aukwepe mkono wake wa kawaida na kushika kitu kingine.

Njia ninayoitumia ni kuongeza sharti moja tu juu ya neno pana. "Mapenzi" ni pana. "Mapenzi ambayo wazazi hawayataki" inaanza kuuma. "Mwanamke" ni pana. "Mwandishi mwanamke ambaye hujawahi kumsoma" inamlazimisha mtu akiri amewasoma wangapi, na mara nyingi jibu linamtia haya. Masharti mawili yanavumilika ikiwa rafu inaruhusu. Matatu ni mtihani.

Soma mada yako kwa mtu ambaye hayumo kwenye kundi, mpwa au jirani. Akiuliza "maana yake nini?" iandike upya. Akisema "aa, kama kile kitabu cha…", iache ilivyo.

Na usiogope mada inayoleta ubishi wa kama kitabu fulani kinaingia au hakiingii. Je, kisa cha mtu anayeishi Kilwa Kisiwani lakini habari yote inatokea bara ni kitabu cha kisiwa? Ubishi wa namna hiyo ni mazungumzo ya fasihi yaliyoanza kabla ya siku yake. Ubishi mbaya ni ule wa hesabu, wa kurasa ngapi na tarehe gani ya kuchapwa. Maneno yako yaepuke huo wa pili.

Ipange kalenda kwa maisha ya watu

Januari watu hawana hela. Ada zimelipwa, sare zimenunuliwa, mshahara wa Desemba umeliwa Desemba. Kwa hiyo mada ya Januari isihitaji kununua: *kitabu kilichomo nyumbani tayari na hujakisoma*. Kila nyumba ina angalau kimoja, hata kama ni cha mpangaji aliyehama.

Februari angalia Ramadhani. Husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2026 na 2027 inaanza Februari, na Kwaresima nayo iko palepale. Nusu ya kundi wanafunga na usiku wao una kazi nyingine. Usiwape riwaya ya kurasa mia nne. Wape *utenzi au shairi refu linalosomwa kwa sauti*. Al-Inkishafi inausadifu mwezi huo kuliko kitabu kingine chochote ninachokijua, mtu anayeuonya moyo wake akitazama magofu ya Pate. Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, una beti takriban mia moja na unamalizika jioni moja. Wenye mdundo wa kisasa watakuja na Sauti ya Dhiki, mashairi aliyoyaandika Abdilatif Abdalla akiwa kifungoni Kenya kati ya 1969 na 1972, au Kichomi ya Kezilahabi, iliyowakera wanamapokeo kwa kuacha vina. Mwambie kila mtu atume sauti yake akisoma beti tano. Mwezi huu hupata watu wengi kuliko ninavyotegemea, kwa sababu hata asiyesoma vitabu anajua kughani.

Machi ina Siku ya Wanawake tarehe 8, kwa hiyo ile ya *mwandishi mwanamke ambaye hujawahi kumsoma* ikae hapo: Zainab Burhani, Penina Muhando, Clara Momanyi, na wapya ambao vijana wenu watawataja. Aprili, *kisiwa*.

Mei iwe ya kustarehe: *uhalifu na upelelezi*. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeanza kazi katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla. Willy Gamba wa Elvis Musiba, Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Wazee wa kundi watang'aa mwezi huu. Walivisoma vikiwa vipya, wengine chini ya dawati, na nakala zao bado ziko kwenye masanduku. Mwombe mmoja wao aongoze mazungumzo.

Juni ndipo narudi kwenye kile nilichokuambia uandike pembeni: *kitabu ulichosomeshwa kwa ajili ya mtihani, sasa kisome bila mtihani*. Sijaona mada inayofanya kazi vizuri kuliko hii. Mtu aliyekariri "dhamira tano na mifano" anagundua kwamba kitabu kilikuwa kinachekesha. Anagundua mhusika aliyemwona mzee alikuwa na miaka thelathini na tano, umri aliopita yeye mwenyewe. Wengine watarudi kukuambia kitabu kilikuwa kibaya tangu mwanzo, nao wana haki.

Julai 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Mada: *kitabu cha Kiswahili kutoka nchi ambayo si yako*. Mpaka wa Namanga umewatenganisha wasomaji kuliko wachuuzi. Mkenya aliyemaliza chuo anaweza asijue hata riwaya moja ya Kezilahabi, na Mtanzania hajawahi kusikia Siku Njema ya Ken Walibora, ingawa Kongowea Mswahili, shujaa wake, anatokea Tanga kwa mama mwimba taarabu na kwenda Kenya kumtafuta baba. Kwa anayependa kuchimba, kuna historia ya jiji la Lubumbashi iliyoandikwa mwaka 1965 na André Yav kwa Kiswahili cha hukohuko, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumba za Wabelgiji. Kiswahili chake kitawapa kazi, na baadhi watataka kukisahihisha. Wazuie.

Agosti ni mwezi wa wazi. Septemba 30 ni siku ya watafsiri, basi *kitabu kilichotafsiriwa kuja Kiswahili*. Rafu hapa imejaa: Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi za Mwalimu Nyerere, Shamba la Wanyama, Shujaa Okonkwo, na Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Nobel. Wanaoweza walete na kitabu cha asili, wasome ukurasa mmoja kwa lugha zote mbili.

Oktoba, *maisha ya mtu mmoja*: Wasifu wa Siti binti Saad, Mbali na Nyumbani ya Adam Shafi, maisha ya Tippu Tip aliyoyasimulia mwenyewe. Novemba walimu wanasimamia mitihani na wafanyakazi wa ofisi wanafunga hesabu, kwa hiyo *kitabu chembamba*, na tamthilia zinaingia vizuri: Kinjeketile ya Ebrahim Hussein inasomeka kwa safari moja ya daladala kutoka Mbagala hadi Mwenge, foleni ikiwa ya kawaida.

Ile ya mambo yasiyowezekana nimeibakiza nje makusudi. Hiyo ni mada ya akiba, na kila mwanachama anaweza kuitumia mara moja kwa mwaka badala ya mada yoyote iliyomshinda.

Pigeni kura, lakini si kwa kila kitu

Usipeleke mada ishirini na tano kwenye kura. Peleka kumi na nne zilizopita kipimo, kila mtu achague sita, na zile zenye kura nyingi zijaze nafasi sita. Nne zilizobaki chagua wewe na msaidizi wako, bila kuomba radhi. Kura peke yake huleta mapenzi, upelelezi, mapenzi, uchawi, mapenzi. Ushairi haujawahi kushinda kura katika kundi lolote nililokaa, na bado ndio mwezi watu wanaoukumbuka.

Kanuni chache, ziandikwe

Kitabu kimoja kitimize mada moja. Kitabu cha kusikiliza kinahesabiwa, hasa kwa wanaoendesha magari na kwa wenye shida ya macho. Kitabu cha watoto kinahesabiwa ikiwa umemsomea mtoto. Ulichokisoma zamani hakihesabiwi, isipokuwa mwezi wa Juni.

Suala la lugha litaleta kelele. Pendekezo langu: angalau mada saba zitimizwe kwa Kiswahili, tatu kwa lugha yoyote. Wenzetu walioko London au Toronto watalalamika kwamba vitabu havifiki. Wapangie mtu wa Dar es Salaam au Mombasa wa kuwakusanyia na kumpa anayesafiri. Usilegeze kanuni kwa ajili yao, maana wao ndio waliojiunga ili lugha isiwatoke.

Msahafu na Biblia: siku zote kuna atakayeuliza, kwa nia njema, hasa mwezi wa mfungo. Jibu kwa adabu kwamba hivyo vina utaratibu wake na havishindanishwi.

Tangaza, kisha tunza daftari

Tangazo liwe ujumbe mmoja unaosomeka bila kubonyeza "soma zaidi": miezi, mada, kanuni ya saba kati ya kumi, na jina la wa kuulizwa. Orodha ya vitabu vya mfano usiitoe yote kwa pamoja. Toa vitatu vya mwezi wiki moja kabla mwezi haujaanza, ukieleza kila kimoja kinapatikana wapi na kwa bei gani. Ukivitoa mwanzo wa mwaka, watu watavigeuza kuwa silabasi.

Siku ya mazungumzo kila mtu aseme mambo matatu: kitabu, namna alivyokipata, na sentensi moja aliyoipigia mstari. Dakika mbili kila mmoja. Anayetaka kusimulia kisa chote mwanzo hadi mwisho mkatize mapema, mwambie ametuharibia utamu.

Mwezi wa wazi wa Agosti, waulize ni mada ipi kati ya zilizobaki inawakalia vibaya, na uruhusu moja ibadilishwe. Na katika daftari la kundi andika kila kitabu kilichosomwa, mji wa msomaji na pale alipokipata. Novemba, mnapoanza kutafuta mada za mwaka unaofuata, lifungue hilo kabla ya kupiga simu dukani: litakuambia nani Mtwara ana nakala ya Kiu, na kwamba yuko tayari kuiazimisha mradi irudi na jalada lake.